Wati Mia Nne na Hamsini

Kwenye duka la kompyuta alikouza walimwita Mheshimiwa Wati, maana hakuna kompyuta ya gemu iliyotoka pale kabla hajamhutubia mnunuzi wake. Wateja walichagua pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, kwa wingi wa taa, wengine kwa uzito, kama wananunua kuku.

"Hii inawaka rangi saba," mmoja alimwambia.

"Hata disko linawaka. Kadi yako ya picha inakula wati ngapi?"

"Mia mbili na ishirini."

"Prosesa mia na ishirini na tano. Feni, diski na mazagazaga mengine, tuseme sabini. Utanunua ya ngapi?"

"Mia nne na hamsini. Inatosha na inabaki."

"Inatosha ikiwa imelala! Vita ikipamba moto, hiyo kadi inashtuka, inadai mara mbili kufumba na kufumbua. Pawa saplai inajizima kuokoa roho yake. Beba mia sita hamsini, bwana. Acha nafasi."

Mteja akabeba. Wote walibeba.

Nyumbani kwake Mheshimiwa alikuwa na ya mia nne na hamsini, ileile aliyoikataza, masalia ya rafu ya dukani. Kwani kulikuwa na nani? Chumba kimoja, kiti kimoja, sufuria ya mtu mmoja. Siku za kazi alicheza karata na kompyuta, na karata hazijawahi kushtua kadi ya mtu.

Balaa lilikuwa Jumapili alasiri. Mdogo wake, aliyefanya kazi mbali, aliingia kwenye gemu, wakavaa hedifoni na kuua mazimwi pamoja. Kwa simu ndugu hawa walimaliza maneno kwenye salamu. Wakiwa na mapanga walipiga soga hadi jua linazama. Dogo alikuwa na tabia yake: jambo zito alilitoa pale zimwi kubwa linapotokea, wakati hakuna wa kumkazia macho.

"Kaka, nilitaka kukuuliza..."

Pwii. Giza. Kompyuta ilipoamka, dogo keshaondoka.

Jumapili iliyofuata, vilevile. Safari ya tatu dogo akaandika ujumbe: "Kila nikitaka kusema kitu unanizimia. Nimeelewa, kaka."

Angeweza kumpigia. Lakini Mheshimiwa Wati aseme nini, kwamba wati zimemwishia? Watu wangecheka mpaka mbavu ziume. Akajibu neno moja: "Mtandao."

Kisha akanunua ya mia saba na hamsini. Aling'oa hadi waya za zamani, akafunga mpya, akaketi kusubiri.

Jumapili mbili jina la dogo halikuwaka. Ya tatu likawaka. Wakaingia pangoni, zimwi likatokea, kadi ikashtuka, feni zikavuma. Kompyuta ikabaki imara kama mnara.

"Haya, dogo. Ulitaka kuniuliza nini?"

"Aa, ilishapita."

"Sema bwana, leo sizimi."

"Nilitaka kujua kama hapo kwako kuna nafasi. Mkataba wa kazi uliisha. Nimeshapata pa kukaa huku huku, kwa jamaa."

"Nafasi ipo! Mbona..."

"Usijali, kaka. Niko sawa. Acha nikatafute chakula."

Jina likazimika. Mheshimiwa akabaki pangoni na maiti ya zimwi. Kompyuta ilivuma taratibu, wala haikuwa na dalili ya kuzimika.