Muosha Asiyeoshwa

Mama mkwe wangu alikuwa muosha maiti, na mdomo alikuwa nao. Nilipoolewa tuligombania hata kifuniko cha sufuria. Lakini wanawake wa dini yetu mtaani, nasi tu wachache, wote walipita mikononi mwake. Aliwaosha kwa maji ya vuguvugu chini ya shuka, akianza upande wa kulia, huku akiwaomba radhi: "Samahani dada, nakugeuza." Akanifundisha na mimi. "Siku yangu ikifika utaniosha wewe," aliniambia. "Na maji yasiwe ya baridi, nakujua ulivyo mvivu."

Ugonjwa wa kuambukiza ulipoingia nchini, serikali ikatangaza sheria ya dharura: kila atakayekufa achomwe, awe ameugua au hakuugua. Wenzetu walio wengi wanachoma wafu wao tangu enzi na enzi, hawakuona tofauti yoyote. Sisi tunazika. Wazee wetu walikwenda kuomba japo kipande cha ardhi nje ya mji, wakajibiwa kuwa sheria ni msumeno. Msumeno gani huo unaokata upande mmoja?

Kisha pumu ikamshika mama. Pumu yake ya siku zote, si kingine. Alihitaji oksijeni, na oksijeni iko hospitali, na anayefia hospitali harudishwi kwao. "Msinipeleke," alisema. Mume wangu akafunga madirisha, mimi nikapandisha sauti ya redio ili majirani wasisikie kifua chake. Tulimficha asichomwe, na kwa kumficha tukamuua. Sina neno laini la kulisemea hilo.

Alipokata roho nikabandika maji. Nilikuwa nimemaliza mkono wa kulia, ndiyo kwanza namwambia, "Samahani mama, nakugeuza," mlango ukagongwa. Aliyetuchongea simjui, na sitaki kumjua. Watu wa afya walikuwa na adabu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Pole mama, na sisi tumetumwa tu," alisema mmoja wao. Wakamtia kwenye mfuko na maji bado yanamtiririka.

Jana wameleta kopo. Mume wangu amekaa uani, hataki hata kulitazama. Nimebandika maji, yamepata vuguvugu alilolitaka, nikalipakata kopo. Kazi naiweza, alinifundisha vizuri. Nimelifungua, nikatafuta pa kuanzia. Jivu halina kulia.