Nguzo ya Nane

Mkereza mbao wa mtaa ule alikuwa mwanamke. Walimwita Bi Vumbi, maana hata akivaa nguo za kutokea, unga wa mbao haukukosa kwenye nyusi zake. Kerezo, mashine ya kuzungushia mbao zikichongwa, alilirithi kwa marehemu mumewe, na kazi aliijua kumshinda; marehemu mwenyewe alilikiri hilo angali hai, jambo ambalo wanaume wachache hulikiri. Asubuhi majirani walikuja kuzoa maranda ya kuwashia moto, na barazani pake fundi viatu alishona soli huku akisema na kila apitaye.

Kabla ya kukabidhi kazi, Bi Vumbi aligonga kila kipande kwa kifundo cha kidole, sikio karibu. Mbao nzima hulia. Yenye ufa hukohoa.

Siku hiyo alikuwa na nguzo nane za ngazi ya shule ya chekechea. Ya nane ilikohoa. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, na mbao kavu ya aina ile ilikuwa imemwishia. Akauziba kwa gundi na unga wa mbao, akapiga msasa, akapaka vanishi, hata yeye mwenyewe ikamwia vigumu kuuona.

Mchana akaja shemeji yake, seremala, mdogo wa marehemu.

"Shemeji, nipe nikimbie. Mwalimu mkuu amenikaba koo, kesho watoto wanapanda."

Bi Vumbi akagonga nguzo moja moja, akampa. Ya mwisho akampa tu.

"Mikono yako ibarikiwe," shemeji akasema, akasukuma mkokoteni.

Fundi viatu hakuinua kichwa. "Jirani, leo umegonga saba."

"Masikio yako yamezeeka."

"Yaliyozeeka ni meno. Miaka kumi na moja nasikia ko, ko, ko, nishindwe kuhesabu nane?"

"Shona viatu vyako."

"Si nashona? Kiatu changu kikiachia, mtu atatembea peku tu."

Bi Vumbi angeweza kunyamaza. Wengi hunyamaza, kisha wakaitwa wastaarabu. Yeye alivua aproni, akashika njia ya shuleni.

Alimkuta shemeji ameshapachika zote.

"Itoe ile ya juu, penye kona."

"Ina nini? Mbona zote pacha?"

"Ina ufa. Niliuziba kwa gundi."

Seremala akaweka nyundo chini. "Ulinipa ukijua?"

"Nilikupa nikijua."

Shemeji hakupaza sauti. Aliing'oa, akafunga kamba penye pengo, akaenda kumweleza mwalimu mkuu kwamba watoto hawatapanda kesho. Bi Vumbi aliibeba nguzo begani mtaa mzima, na kila aliyemuuliza alimjibu ukweli.

Mbao kavu ilipatikana baada ya siku mbili. Akakereza nyingine, akaigonga mara tatu. Ililia.

"Sasa zimetimia nane," akasema fundi viatu.

Shemeji alipofika, hakuipakia moja kwa moja. Aliiinua hadi sikioni, akaigonga mwenyewe, akasikiliza, akaigonga tena. Kisha akaondoka, na habari za mikono kubarikiwa hakuzitaja.

Tangu hapo kila anayechukua kazi pale hugonga mwenyewe kwanza, hata mwenye mpini wa jembe. Bi Vumbi husimama kando, akipangusa nyusi, mpaka amalize.