Majibu Yalifika Tukimfukia

Udongo ulikuwa umefika nusu ya kaburi simu ya marehemu ilipolia ndani ya mfuko wangu. Bintiye alikuwa amenipa nimshikie. Nikapokea. Msichana mwenye sauti ya upole akasema anapiga kutoka kwa wale watu wa utafiti wa saratani ya matiti. "Mama, usiogope. Kile kipande cha titi lako kimeonyesha mabadiliko ya mapema. Uje tuanze kuzuia, bado kuna wakati." Nyuma yangu sepetu zinagonga mawe. Nikamwambia titi hilo limeshamuua, na mwenyewe ndiye huyo tunayemfukia. Akasema polepole, "Lakini mwaka jana tulituma ujumbe kwa kiongozi wenu wa akina mama. Hakuja, ndiyo tukatafuta nambari yake mwenyewe."

Nyinyi mnaonisoma mnajua mimi nilikatwa titi moja, na shule niliachia darasa la tano. Marehemu alikuwa jirani yangu hapa Tawa, muuza ndengu sokoni, na ndiye aliyenivalisha nguo nilipokuwa siwezi kuinua mkono. Watafiti walipokuja kanisani kwetu walitaka wanawake wazima, wasio na uvimbe. Nesi akaeleza kwamba mwili huanza kubadilika ndani kabisa, miaka kabla vidole havijagusa kitu, na ugonjwa ukiwahiwa hapo unaweza kuzuiliwa; kisha akamtoa kila mmoja kipande kidogo cha titi kwa sindano. Marehemu akanicheka: "Mwaitu, mama yangu, wewe walibeba nyama yote, mimi wanaonja tu!" Halafu, kwa haraka zao, wakaandika nambari moja ya kutuma majibu ya wanawake wote, ya kiongozi wa akina mama wa kanisa. Hata wenye simu hawakuulizwa.

Baada ya mazishi nilimkuta kiongozi huyo akisugua sufuria. "Ule ujumbe ulipata?"

"Nilipata. Nikauandika kwa karatasi nikauweka kwa kikapu cha maombi. Nilifunga siku tatu, mwaitu."

"Na mwenyewe ulimwambia?"

"Nimwambie aanguke? Nilitaka Mungu aufute kwanza."

Sasa fikirini: ni Jumapili ngapi marehemu mwenyewe alibeba kikapu hicho hadi madhabahuni, akiimba, jina lake likiwa ndani?

Kile kipande, msichana aliniambia, kiko kwenye barafu Nairobi, hakijaoza. Aliyekitoa ndiye anaoza. Imani sigombani nayo, imenilea. Lakini habari ya mwili ni ya mwenye mwili, na yeyote anayeikalia, awe na koti jeupe au kitambaa cha kanisa, amekalia pumzi ya mtu. Daktari mkuu wa utafiti, na wewe mama kiongozi: bintiye ana matiti mawili, na kila asubuhi ananiuliza kama nayo yameanza kubadilika. Njoni Tawa, mkae mbele yake, mmjibu.