Mbuzi Aliyejulikana na Wote

Juzi binti yangu aliniletea kazi yake ya Kiingereza nikikaanga vitunguu hapa kwetu Mlolongo. Ajaze 'a' au 'the'. Nikamwambia amngoje baba yake, maana vineno hivyo bado vinanitatiza, mtu mzima na akili zangu.

Wewe fikiria. Kule Mwala, kwa nyanya aliyenilea, mbuzi alikuwa mbuzi tu. Kikamba hakikutudai zaidi, wala Kiswahili. Kisha mbuzi wa jirani akaingia shambani na kumaliza mbaazi tulizozingojea kwa hamu tuzile na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Nikaandika insha: "The goat came." Mwalimu akaisoma darasani.

"Mbuzi gani hiyo? Sisi tunaijua?"

"Tunaijua, mwalimu! Ni ile ya sikio moja!" darasa zima likajibu.

Mwalimu alicheka hadi akakaa. Akaniteua niisome siku ya wazazi, ila nianze na 'a'. 'The', alisema, ni ya kitu ambacho wewe na anayekusikiliza mnakijua tayari.

Basi usingizi ukaniruka. Jirani angekuwepo, Kiingereza alikijua, na ni punda wake aliyetuletea maji. Nikisema 'the', atajua ni wake, na maji tutayasikia kwa wengine. Nikisema 'a', nitamwangusha nyanya, aliyetaka mwizi atajwe hadharani. Nilikariri nikiokota kuni, nikipepeta maharagwe, 'a', 'the', 'a', hadi ulimi ukachoka.

Siku ilipofika nilisimama mbele ya wazazi. Jirani alikaa mbele kabisa, nyanya nyuma na leso yake ya kanisani. Nikasema 'a'. Jirani akapiga makofi kuwashinda wote.

"Umesema ni mbuzi ya nani?" nyanya aliniuliza njiani.

"Mbuzi tu, susu. Kizungu ilikataa."

Aliongeza mwendo akanitangulia, nami nikamfuata nikidhani amekasirika. Kumbe alikuwa akicheka ndani ya leso.

Nyanya hayupo tena, jirani hayupo, na shamba liliuzwa. Nilipopita huko majuzi, mama anayelilima sasa aliniuliza namtafuta nani. Nikaanza: hapa palikuwa na nyanya mmoja, na mbuzi mmoja. Niliumia sana, rafiki yangu, kwa sababu wa kuwaambia 'the' wameisha wote.