Malkia Aliyeachiwa Mpinzani

Jumamosi nilikuwa kwenye kaunta ya duka moja la vifaa Kilindoni, nimeshanunua misumari yangu, alipoingia dada yetu, bingwa wa chesi. Amerudi na kombe kutoka Dar es Salaam, baada ya miaka tisa ya kulea watoto na kufunga mwani kwenye kamba baharini bila kushindana.

Barazani walikaa wazee wawili wa bao.

"Shikamooni, babu zangu," dada akawaamkia.

"Marahaba, mwanetu. Ile fainali ulikula kete ngapi?"

"Mbili tu, babu. Mwenzangu kala sita, na malkia juu."

Wazee wakatazamana. Kwenye bao, anayekula sana ndiye bwana. Mmoja akanong'ona, "Masikini, kombe wamempa kwa huruma."

Dada akacheka, akaisimamisha misumari yangu juu ya kaunta. "Huyu malkia wangu, nilimwachia makusudi. Mwenzangu alipomfuata huku, mfalme wake kule akabaki peke yake, na chesi ni kumnasa mfalme." Akasukuma msumari mmoja kwa kidole. "Hapa akimbilie wapi?"

Mzee akavua kofia. "Mwanetu, miaka tisa nimekuwa nikisema umekwisha."

Nami nilisema hivyohivyo, tena humuhumu kwenye safu hii ya gazeti. Misumari nimeiacha palepale ilivyosimama, na mwenye duka hataki mtu aiguse.