Makopo Kumi na Tisa ya Bi Mkasi

Fundi saa alijua saa, basi. Maua yalikuwa ya mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkasi kwa sababu mkasi wa kupogolea haukumtoka mkobani hata akienda harusini. Ndiye aliyeanzisha Chama cha Maua, akakiendesha miaka thelathini na moja, na aliyechelewa mkutano alijua atakiona cha moto. Wiki moja kabla ya kufariki alimwambia mumewe, "Baba Pacha, yale makopo ya nyuma ya nyumba wape wenyewe. Usije ukasahau."

Mzee akaahidi. Ndilo jambo la mwisho aliloombwa, na alijua akilivunja hatajisamehe.

Yalikuwa makopo kumi na tisa ya rangi, kila moja na ua lililostawi, na kila moja limebandikwa kipande cha plasta chenye jina. Kazi rahisi kabisa. Siku ya mkutano wa Chama akayapanga kwenye meza ya ukumbi, akaanza kuita.

"Fundi cherehani! Waridi lako hili."

Fundi cherehani, mama asiyejua kunong'ona, akalitupia jicho na kurudi nyuma. "Si langu, shemeji. Langu liko nyumbani, lina afya kunishinda."

"Mbona jina ni lako?"

"Labda kuna mwingine."

Mwingine hakuwepo. Akamwita mwalimu mstaafu: si lake. Muuza magazeti akaapa kabisa, tena hakuna aliyemwambia aape. Mzee kichwa kikamzunguka. Akavua miwani, akaifuta, akasoma upya plasta za hao watatu; majina ni yale yale. Au marehemu akili ilikuwa imeanza kumtoka? Akajichukia kwa kuliwaza hilo.

Asichokijua, maana mikutano hakuhudhuria, ni sheria ya Bi Mkasi isiyo na msamaha: ua likikufia, simama mbele ya wenzako useme, "Limenifia mkononi." Faini hakuna. Ni kusema tu, na watu wazima na mvi zao waliyaogopa maneno hayo mawili kuliko sindano.

Fundi cherehani akalirudia lile waridi polepole. Akaligeuza shina, akaona limefungwa uzi mwekundu, akakaa kitini puu.

"Uzi wangu huu," akasema. "Lilivunjika nikalifunga, likakauka. Nikalitupa kwenye shimo la taka hapo nyuma, nikatafuta lingine la kufanana nalo." Kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika mlangoni. "Jamani, limenifia mkononi."

Mwalimu naye akasimama. Kisha muuza magazeti, akiomba radhi kwa kile kiapo. Mmoja mmoja wakaja mezani, wengine wanalia, wengine wanacheka hawajui wanacheka nini. Miaka yote hiyo Bi Mkasi alikuwa akiwafokea mchana, kisha akipekua taka zao na kuyafufua maua waliyoyatupa, na hakumsema mtu.

Likabaki kopo moja, la asumini. Mzee akainama asome plasta, tayari kuita. Baba Pacha.

Akalitazama kama mtu aliyeitwa na daktari. Asumini ya dirishani! Mwaka jana mkewe alipolazwa hospitali, yeye mzee alisahau kuimwagilia wiki tatu, ikawa kuni. Akaitupa jalalani mwisho wa mtaa, na mgonjwa aliporudi akamwambia ameigawa kwa jirani. Bi Mkasi akaitikia, "Vizuri."

"Imenifia mkononi," akasema mzee, ila hakujua anamwambia nani.

Alibeba kopo lake hadi nyumbani akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokuja. Siku zile alizotoka hospitali, Bi Mkasi hakuweza kufika hata mlangoni bila kushikwa mkono, na aliyemshika alikuwa yeye. Sasa jalalani alifika lini, na vipi, kama si zile saa chache alizomwacha peke yake akaenda kibandani kutengeneza saa za watu?