Dhahabu Hukaa Katikati ya Karai

Mama mkubwa wangu anaitwa Generosa, ila mwaloni kila mtu alimwita Mama Bujiku. Mwalo ni mahali wachimbaji wanapoleta mawe yasagwe kwenye karasha, kisha unga wake unaoshwa kwa maji ili dhahabu ibaki. Mwalo wetu uko nje kidogo ya Kagongwa, mwenyewe ni Mwita, mtu wa Mara. Kwa miaka kumi na tisa mama mkubwa alikuwa na kazi moja pale: kuangalia sampo. Mtu akipata jiwe asilolijua, analiponda kidogo, anamletea. Yeye anaweka ule unga kwenye karai lenye maji, anazungusha polepole, anamwaga, anazungusha tena, mpaka unabaki mchanga mweusi wa kujaa kijiko. Hapo anainamisha kichwa. Akisema "ipo", watu wanashuka duarani, ndani ya shimo la dhahabu. Akisema "hamna", wanahama shimo, hata kama wamelichimba miezi miwili.

Hakuna aliyembishia. Wanaume wazima walisimama nyuma yake kimya, kama waliopeleka posa wanavyongoja jibu.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, gari la matangazo lilipita. Wataalamu wa macho wako zahanati kwa siku tatu, kila aliyefika miaka arobaini aende akapimwe, hata kama anaona vizuri. Mama mkubwa alikuwa na miaka hamsini na sita. Hakwenda. Siku ya tatu muuguzi mmoja, Melania, akaja mwenyewe mwaloni kwa miguu, daftari kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeleta jiwe?"

Watu wakacheka.

"Sijaleta jiwe. Nimekuja kukuomba uje tukupime macho."

Mama mkubwa akamsogezea karai. "Haya, tazama humo. Unaona nini?"

Melania akainama, akatazama sana. "Naona mchanga mweusi."

"Na nini tena?"

"Maji."

"Eliya, hebu mwonyeshe mtoto wa watu."

Eliya ni mchimbaji, kijana wa Bukombe, mtu wa maneno. Akachukua njiti ya kiberiti akagusa punje tatu ndogo kama vumbi. "Moja. Mbili. Ya tatu hii hapa imejificha. Dada, wa kupimwa ni wewe. Lete hilo daftari tukuandike."

Wakacheka mpaka wa karasha akazima mashine aulize kuna nini.

Melania naye alicheka kidogo, lakini hakuondoka. "Katikati unaona, mama, sikubishii. Ila kuna ugonjwa wa presha ya jicho. Hauumi. Unaanza kula pembeni, taratibu, katikati unakuachia mpaka mwisho, kwa hiyo mtu anajiona mzima. Na ukishakula, hakirudi kitu. Kwenu kuna aliyepofuka?"

"Baba yangu. Ila yule ulikuwa uzee."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

Mama mkubwa akafikiri. "Sitini na kidogo."

"Huo si uzee wa kupofuka. Wewe ndiye hasa wa kupimwa kila mwaka."

"Binti, pembeni kuna nini cha kutazama? Dhahabu hukaa katikati ya karai."

Melania akaandika jina lake kwenye daftari, akaaga, akarudi zahanati. Sisi wote pale tulimwona ameshindwa. Mwaloni macho yalipimwa kwa punje. Anayeiona ni mzima, asiyeiona ni mgonjwa, na mama mkubwa aliiona kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwaka uliofuata watu wakaanza kusema anaringa. Karasha inanguruma kutwa, sauti haifiki, kwa hiyo mwaloni tunasalimiana kwa kuinua mkono na kuinamisha kichwa. Ukiinuliwa mkono usiitikie, umemwambia mwenzako jambo. Scolastika, jirani yetu anayeuza uji pale, alipita kushoto kwa mama mkubwa akainua mkono. Hakuitikiwa. Kesho yake tena. Siku ya tatu akaliweka dumu la uji chini akasema kwa wote, "Siku hizi Mama Bujiku anachagua wa kumwitikia. Sisi wauza uji tumeshatoka kwenye orodha."

Mimi nilijua. Nakaa kwa mama mkubwa tangu nina miaka sita, mama yangu yuko Kishapu kwenye pamba. Nilimwona akigonga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango, mlango uleule aliopita miaka yote. Nilimpa kata ya maji kutoka upande huo, mkono wangu ukabaki hewani mpaka nikazunguka. Aliwakanyaga vifaranga viwili kwa mwezi mmoja, wote kushoto. Sikusema. Niliona nikilitaja litakuwa kweli, na ugali wetu ulitoka kwenye lile karai.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Jumatatu, Eliya na wenzake walimaliza kuosha mzigo wao wa wiki tatu. Mchanga wa mwisho, wenye kila walichokipata, waliuweka kwenye karai moja kando ya bwawa la tope, Eliya akaenda kuita wenzake. Mama mkubwa alikuwa amechuchumaa karibu, anaangalia sampo ya mtu. Akainuka, akageukia kushoto, akapiga hatua. Karai la Eliya likapinduka, mchanga wote ukaingia kwenye tope.

Mwita akaamuru karasha izimwe.

"Mama Bujiku," Eliya akasema. Hakupaza sauti. "Hukuliona?"

Nilikuwa namtazama usoni. Angesema "sikuliona", wangemsamehe palepale, tena wangempa pole. Lakini nani angempelekea sampo mtu asiyeona karai zima?

"Nimeliona," akasema.

"Umeliona ukalipiga teke?"

"Jana mlinitukana. Nimelipiga."

Jana ilikuwa Jumapili. Hakuna aliyekuwa mwaloni.

"Si niliwaambia," Scolastika akasema. "Huyu ana kitu moyoni."

Eliya alikuwa ameshaingia bwawani mpaka magotini, anachota tope kwa mikono miwili. Mwita akasogea. "Mama, mimi nakuheshimu. Chukua karai lako uende nyumbani. Hapa kwangu usirudi."

Akalichukua. Alitembea shingo imenyooka, watu wakimpisha, mmoja akatema mate. Tulipofika kwenye ua wa minyaa alipinda vibaya, akaingia ndani ya ua. Nikamshika mkono wa kushoto nikamtoa.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Vizuri," akasema, na mpaka leo sijui alikuwa ananisifu au ananilaani.

Hospitali ya mjini tulikwenda wiki mbili baadaye, baada ya mimi kumwomba kila siku. Walimwekea kidevu kwenye mashine, wakampa kitufe mkononi. Akiona taa ndogo ikiwaka, popote pale, abonyeze. Nilikaa nyuma yake. Alibonyeza mara chache, kisha kidole kikatulia. Kikatulia sana.

"Daktari, mashine yako imezima?"

"Haijazima, mama. Taa bado zinawaka."

Akaachia kitufe.

Daktari hakumzungusha. Jicho la kushoto limekwisha, linatofautisha mwanga na giza tu. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kuna dawa ya matone, kila siku, maisha yote. Haitarudisha kilichokwenda, italinda kilichobaki. Na watoto wake na ndugu zake wote wapimwe, hata wasiolalamika.

"Ningekuja mwaka juzi?"

Daktari alitazama karatasi zake. "Mwaka juzi tungelinda vingi."

Nyumbani hakutoka nje. Watu waliopita barabarani walisema, yule mama mwenye roho mbaya anakaa hapo. Nilivumilia siku nne. Ya tano nikachukua karatasi ya hospitali nikaipeleka mwaloni kwa Eliya. Aliisoma hakuielewa, nikamweleza. Akakaa chini kwenye kifusi.

Jioni ileile wakaja, yeye, Mwita na Scolastika. Waliongea kwa sauti kubwa na polepole, kana kwamba na masikio yamekwenda. Wakaomba msamaha kila mmoja kwa zamu. Eliya hakutania hata neno moja, na hilo ndilo lililomuumiza mama mkubwa, nilimwona. Scolastika alileta uji. Akamshika mama mkubwa mkono akaupeleka mpaka kwenye kikombe.

"Hiki hapa, mayu, mama yangu. Hapa. Taratibu, kina moto."

"Nakiona."

"Haya, mayu, haya," kama anambembeleza mtoto.

Eliya alikuwa na jiwe kwenye mfuko wa shati. Lilivuta kitambaa chini, kila mtu aliliona. Alipoaga aliligusa kwa kiganja, akamtazama mama mkubwa, akamtazama Mwita. Akaondoka nalo.

Walipofika mbali mama mkubwa akasema, "Uliwapelekea karatasi."

"Walikuwa wanakusema vibaya."

"Niliwaachia waseme. Mtu mbaya wanamnunia, lakini siku wakikwama na jiwe wanamrudia. Nilikuwa nawangoja." Alisukuma kikombe mbali. "Sasa umenifanya wa kuletewa uji."

Saa ya dawa ilikuwa imefika, nikamwambia. Nilidhani atakataa. Akaegemea ukuta, akainua uso. Jicho la kulia lilipepesa kabla tone halijafika, ikabidi nirudie. La kushoto lilibaki wazi limetulia, tone likaanguka katikati, likatiririka mpaka sikioni, naye hakulifuta.